Plagi Hailingani na Plagi: Hesi za Magari ya Kale

Neno parafujo tulilipata kwa Wareno, na Waswahili walikuwa nalo kabla motokaa haijajulikana pwani. Lakini neno lenyewe halisemi parafujo ni ya kipimo gani, na hapo ndipo wenye magari ya kale wanapotiwa hasarani.

Chukua magari mawili ambayo watu wazima wanayakumbuka sana: Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, na Morris Minor 1000. Plagi za yote mawili zina hesi ya upana wa milimita 14, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25. Ya huku yaingia kule, ya kule yaingia huku, tena kwa vidole bila ya kulazimishwa. Fundi mwenye haraka huridhika. Kumbe urefu umehitilafiana: hesi ya plagi ya Volkswagen ni milimita 12.7, yaani nusu inchi, na ya Morris ni milimita 19. Ukiitia ndefu mahali pa fupi, milimita sita na ushei za chuma zatokeza ndani ya chumba cha moto. Pistoni ikipanda yaweza kuigonga. Na isipoigonga, meno yaliyo wazi huganda masizi, na siku ya kuifungua, plagi hutoka na hesi za kichwa cha injini, kwani kichwa cha Volkswagen si chuma cha kusubu, bali ni madini laini jamii ya aluminiamu. Gari la marehemu baba, lililotunzwa miaka arubaini, laharibiwa kwa kitu cha kutiwa mfukoni! Dawa ipo: tundu huchimbwa upya na kutiwa hesi ya waya wa chuma uliosokotwa. Lakini kazi hiyo yataka fundi mtulivu, na kwa usalama kichwa kishushwe, chembe zisiangukie ndani.

Sisi tuliosoma chuoni twajua tofauti ya sini na swadi. Asiyefunzwa husikia sauti moja. Hesi nazo ni hivyo hivyo. Mwingereza Joseph Whitworth aliweka kipimo chake mwaka 1841, pembe ya jino ikiwa digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akaja na digrii 60. Idadi ya meno kwa inchi mara nyingi ni moja, ila katika bolti ya nusu inchi, ambapo Whitworth ana meno 12 na Wamarekani 13. Kwa hiyo nati ya huyu hushika bolti ya yule, lakini haikai sawasawa, na ikikazwa sana meno huumia. Uingereza, Marekani na Kanada hazikupatana juu ya kipimo kimoja ila mwaka 1948, baada ya vita kuwafunza gharama ya kutopatana.

Hata ukilijua taifa la gari, usijiamini. Injini za Morris za miaka ya 1920 zilitengenezwa na Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa iliyokuwa na kiwanda Coventry, kwa mitambo ya milimita. William Morris alikinunua kiwanda hicho mwaka 1923, mitambo ikabaki. Basi bolti zikawa na hesi za Kifaransa na vichwa vya Kiingereza, ili spana za Whitworth zizienee! Ada hiyo iliendelea hadi kwenye MG za miaka ya 1950. Mwenye gari la namna hiyo akienda dukani na spana tu kuwa ndiyo shahidi wake, atarudi na bolti isiyoingia.

Kipimo cha haki ni kalipa kwa upana na geji ya hesi kwa meno. Geji nayo ina hila yake: hesi ya milimita 1.25 ina meno 20 na kidogo kwa inchi, hata ulimi wa geji wenye meno 20 waonekana kuikubali. Linganisha na ulimi wa milimita mbele ya mwangaza, na utazame urefu wote.

Dukani, soma herufi. Kwa NGK, B ni milimita 14, H ni hesi fupi ya 12.7, E ni ndefu ya 19. Kwa Champion, L ni fupi na N ni ndefu. Tarakimu ni ya joto, na hapa wakubwa hao wamepingana: kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, kwa Champion ni moto zaidi.

Kwa watu wa pwani kuna faraja. B6HS, ambayo Volkswagen nyingi huikubali, ina jamaa zake katika maduka ya mashine za mashua, kwani B7HS hutumika katika nyingi za stroki mbili. Hesi ni ile ile, ila 7 ni baridi kuliko 6, na ile iliyoandikwa -10 ina mwanya wa milimita moja, hali Volkswagen yataka kama 0.7. Basi ukiikosa 6, itakufikisha nyumbani, lakini mwanya upunguzwe kwanza, na ile ya sawa iagizwe.