Sauti ya dijitali kwenye rekoda ya DVD

Rekoda ya DVD ni mashine ya nyumbani inayorekodi vipindi vya televisheni kwenye diski na kucheza diski zilizokwisha kurekodiwa. Pioneer iliuza ya kwanza nchini Japani mwaka 1999. Kwa kawaida nyuma yake kuna matundu ya sauti ya analogi, jekundu na jeupe, pamoja na tundu la sauti ya dijitali. Yale ya analogi hufanya kazi mara waya unapochomekwa. La dijitali hutegemea pia mpangilio wa menyu, na hapo ndipo wengi hukwama: picha ni safi lakini spika ziko kimya, au zinatoa mngurumo.

Nyaya

Sauti hiyo hupita kwa utaratibu uitwao S/PDIF, uliobuniwa na kampuni za Sony na Philips. Njia ya koaksia hutumia waya wa shaba wa omu 75; waya wa njano wa video ni wa aina hiyohiyo, hivyo unaweza kutumika. Njia ya mwanga, iitwayo Toslink, ilianzishwa na Toshiba mwaka 1983 na hutumia uzi mwembamba, mara nyingi wa plastiki, ambao haupaswi kukunjwa kwa nguvu. Ncha zake huuzwa zikiwa na vifuniko vidogo, na ni rahisi kuvisahau. Kwa usikivu wa nyumbani njia zote mbili ni sawa. Hutumika ile ambayo amplifaya inayo.

PCM au Bitstream

Chaguo kubwa kwenye menyu ni kati ya "PCM" na "Bitstream", ambayo kwenye mashine nyingine huandikwa "Dolby Digital". PCM ni sauti isiyobanwa. Mikondo miwili, kushoto na kulia, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde za biti 16 kila moja, huhitaji biti 1,536,000 kwa sekunde. S/PDIF imetengenezwa kwa mikondo miwili tu ya namna hii. Sauti ya filamu yenye mikondo 5.1 hupita kwa sababu imebanwa: Dolby Digital kwenye DVD haizidi biti 448,000 kwa sekunde. Ikiwekwa "Bitstream", rekoda hupeleka mafungu hayo bila kuyafungua, na kazi ya kuyafungua huachiwa amplifaya. Ikiwekwa "PCM", rekoda huyafungua yenyewe na kuchanganya mikondo yote kuwa miwili.

Tatizo ni kwamba S/PDIF huenda upande mmoja tu. Tofauti na HDMI, rekoda haina njia ya kujua amplifaya inaelewa nini, kwa hiyo mwenye mashine ndiye anayepaswa kuiambia. Amplifaya isiyo na kifunguzi cha Dolby ikipewa mafungu hayo, huenda ikanyamaza, au ikayasoma kama sauti ya kawaida na kutoa kelele kali inayoweza kuharibu spika. Asiye na uhakika aanze na "PCM", sauti ikiwa imepunguzwa. DTS mara nyingi huwa na mpangilio wake wa pekee, nayo huwashwa tu ikiwa amplifaya ina alama ya DTS.

Kama mikondo 5.1 haisikiki

Si lazima mpangilio uwe na kosa. Rekoda nyingi hurekodi mikondo miwili tu, kwa hiyo kipindi kilichorekodiwa nyumbani hakiwezi kutoa zaidi ya hiyo. CD za kawaida za muziki pia zina miwili. Jaribio la haki hufanywa kwa diski ya filamu yenye alama ya 5.1, tena baada ya kukagua menyu ya diski yenyewe, kwani filamu nyingi huwa na sauti ya mikondo miwili na ya 5.1 kando kando. Spika za televisheni zizimwe wakati huo. Zikibaki zimewashwa, maneno yanaweza kusikika mara mbili kama mwangwi.