Haraka ya Chakula ni ya Nani?

Neno "chakula cha haraka" limeenea sana katika miji yetu, na kila mtu hulitumia apendavyo. Mmoja huita hivyo chipsi mayai, mwingine kuku wa mkahawa mkubwa wenye jina la ng'ambo, na wa tatu vitumbua vya asubuhi. Yafaa wafanyakazi walijue neno hili maana yake, kwani lawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Wengi hudhani kuwa haraka inayotajwa ni ya mlaji. Sivyo. Mwaka 1948, katika mji wa San Bernardino, California, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliufunga mkahawa wao kwa muda ili waupange upya. Waliwaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakapunguza aina za vyakula, wakaacha sahani na kutumia karatasi. Kazi ya jikoni wakaigawa kama igawanywavyo kiwandani: huyu akaange nyama, huyu atie viungo, huyu afunge. Hambaga ikauzwa kwa senti 15 za Kimarekani. Basi mpishi hakuwa tena mpishi, bali mkono mmoja wa mtambo; na mnunuzi naye akawa mtumishi wa nafsi yake.

Kwa kipimo hicho, vitumbua vya mama lishe ni chakula kilicho tayari, lakini si chakula cha haraka. Mchele uliloweshwa tangu jana, na moto uliwashwa alfajiri. Mlaji husubiri dakika mbili kwa sababu mama huyo ametangulia kuamka.

Wenye kuharakishwa wamelifahamu jambo hili. Mwezi Novemba 2012 wafanyakazi wa mikahawa hiyo mjini New York waligoma, wakidai dola 15 kwa saa na haki ya kuwa na chama. Madai yakaenea miji mingine. Tangu Aprili 2024, sheria ya California yataka makampuni ya chakula hicho yenye matawi 60 au zaidi nchini Marekani yalipe wafanyakazi wao si chini ya dola 20 kwa saa. Chakula hutoka kwa dakika chache. Haki ilichukua zaidi ya miaka kumi ya umoja.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika biashara hii baraka ipo. La kuuliza ni nani aipatae. Basi, ndugu, tununuapo chakula tusiulize bei peke yake. Tuulize pia ni nani aliyeharakishwa, na amelipwa nini.