Ni Nani Aletaye Mtoto wa Kiume?

Mtu apitaye katika misitu ya Usambara aweza kumwona kinyonga mwenye pembe tatu usoni, na karibu naye mwingine asiye na pembe hata moja. Wawili hao ni wa aina moja: mwenye pembe ni dume, asiye nazo ni jike. Uani nako twamjua jogoo kwa kishungi chake. Je, mambo haya huamuliwa na nini? Yafaa tujue, maana wako wanawake walaumiwao, hata kuachwa, kwa kuzaa wasichana watupu.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wa mwanadamu mna nyuzi ndogo mno zichukuazo urithi, ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida ni jozi 23. Katika jozi moja, mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja. Mama hutoa X siku zote. Baba hutoa X au Y: akitoa X huzaliwa msichana, akitoa Y huzaliwa mvulana. Mwaka 1905 bibi mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, aliona jambo hili kwa wadudu wa unga.

Zamani sana, yapata miaka milioni 180 iliyopita, X na Y zilikuwa sawa. Kisha moja ikapata amri ya kufanya dume. Nayo amri hiyo, iitwayo SRY, iligunduliwa mwaka 1990 huko Uingereza. Tangu hapo Y ikaacha kubadilishana sehemu zake nyingi na X. Mwenye kunakili kitabu, asipokuwa na nakala ya pili ya kulinganisha, makosa yake huzidi. Ndivyo Y ilivyopoteza mengi ikawa fupi.

Kwa kuku mambo ni kinyume. Jogoo ana Z mbili, na jike ana Z na W; basi mama ndiye aamuaye. Kumlaumu mama, basi, kwafaa kuku, hakumfai mwanadamu.

Wala baba asilaumiwe, kwani hachagui. Kila mimba ni kama kurusha sarafu. Katika nyumba 16 zenye watoto wanne kila moja, yakadiriwa moja itakuwa na wasichana watupu. Hapo hapana kosa la mtu. Basi msichana na apokewe kwa furaha, na mama yake aheshimiwe.