Keki ya cheri ya Romania: kazi yote iko kwenye povu la mayai

Nchini Romania matunda ya kiangazi huja kwa zamu. Cheri tamu huanza kuiva mwishoni mwa Mei, hufuatiwa na cheri chachu, ziitwazo vișine, mwezi Juni na Julai. Kisha huja aprikoti, na ikifika Agosti miti ya plamu imeinamishwa na mzigo. Romania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuzalisha plamu, na sehemu kubwa ya mavuno hayo hugeuzwa țuică, pombe kali ya kienyeji. Lakini kabla tunda halijafika kwenye pipa la pombe au chupa ya jemu, nyumba nyingi zenye mti uani huoka kwanza pandișpan, keki nyepesi iliyotandazwa matunda yaliyochumwa siku hiyo hiyo.

Kipimo chake hakihitaji kuandikwa. Kila yai moja huendana na kijiko kimoja cha mezani cha sukari, kimoja cha mafuta na kimoja cha unga wa ngano kilichojaa vizuri. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 30, mayai 6 yanatosha, pamoja na nusu kilo ya cheri chachu, chumvi kidogo na vanila. Mafuta yanayotumika ni ya alizeti, zao linalolimwa kwa wingi sana huko, na ndiyo hayo hayo yaliyoko katika majiko mengi ya Tanzania.

Msomaji aliyezoea kuoka ataona kwamba beking pauda haimo. Haikusahauliwa. Keki hii huumuliwa na hewa iliyofungiwa ndani ya ute wa mayai, na kila hatua ya mapishi ipo ili hewa hiyo isitoroke. Ukilielewa hilo, keki haitakushinda.

Ute wa yai una maji karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Unapoupiga, protini hizo hujikunjua na kushikana kuzunguka viputo vya hewa, na povu husimama. Adui wake mkubwa ni mafuta. Tone la kiini lililoponyoka, au bakuli la plastiki lililobakiwa na utando wa mafuta, linatosha kulizuia povu lisisimame. Tumia bakuli la kioo au la chuma, safi na kavu. Tia chumvi, piga mpaka povu jeupe litokee, ndipo uanze kuongeza sukari kijiko kwa kijiko. Sukari huyeyuka katika maji ya ute na kuyafanya mazito, hivyo hayachuruziki upesi kutoka kwenye kuta za viputo. Ukiimwaga yote mwanzoni, utapiga muda mrefu zaidi na povu halitaumuka sana.

Sasa, ikiwa mafuta ni adui wa povu, vijiko 6 vya mafuta vitaingiaje? Hapa ndipo wapishi wa Romania wananifurahisha kuliko mahali pengine popote katika mapishi haya. Mafuta hayamiminwi kwenye povu. Viini huwekwa kwenye bakuli la pili, mafuta hudondoshewa kidogo kidogo huku vikikorogwa bila kupumzika, sawasawa na mtu anayetengeneza mayonezi, mpaka vigeuke urojo mzito wa manjano. Viini vina lesithini, ambayo huyagawa mafuta kuwa matone madogo mno na kuyazuia yasiungane tena. Mafuta yaliyofungwa hivyo hayalidhuru sana povu. Wanawake wa vijijini walifanya hivi muda mrefu bila kulisikia neno lesithini, na walikuwa sahihi kabisa.

Changanya urojo huo na povu kwa mwiko, ukifunua kutoka chini kuja juu. Usikoroge kwa mzunguko. Chekechea unga kwa mafungu mawili au matatu, na acha mara tu unga mweupe usipoonekana.

Yanabaki matunda, na shida yake ni maji. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa cheri ni maji, na cheri iliyotolewa kokwa huyavujisha. Zitoe kokwa, ziache kwenye chujio kama nusu saa, na juisi inayodondoka usiimwage; ukiiongeza maji na sukari ni kinywaji kizuri. Halafu zipakaze unga kidogo, semolina au chenga za mkate mkavu. Wengi huamini kwamba unga ndio unaozuia tunda lisizame. Kwa kweli kinacholibeba tunda ni uzito wa rojo lenyewe. Kazi kubwa ya unga ni kunyonya unyevu. Rojo likiwa limejaa hewa na halijalegea, cheri zitasimama. Zitawanye juu kwa tabaka moja bila kuzikandamiza. Aprikoti na plamu zikate nusu, upande uliokatwa uelekee juu, juisi ibaki humo humo.

Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 40. Dakika 20 za kwanza usifungue mlango wa oveni, kwa kuwa protini na wanga bado havijakaza, na hewa ikipoa ghafla keki hubonyea. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Sukari ya unga inyunyizwe keki ikishapoa, vinginevyo itayeyuka.

Siku hizi wengi huongeza beking pauda na mtindi kwa kuogopa kushindwa. Keki hupanda, sikatai, ila inakuwa nzito, na uchachu wa cheri hupotea ndani yake.

Keki hii ina pia kalenda ya kanisa. Waromania wengi ni Waorthodoksi, na mfungo wa Mitume, unaokataza mayai, huangukia msimu wa cheri na kwisha Juni 29, sikukuu ya Petro na Paulo. Mwingine huanza Agosti 1 hadi 14. Kwa wanaofunga, Julai ndio mwezi wa pandișpan ya cheri chachu.

Kwa msomaji wa Tanzania, plamu za Lushoto zinafaa sana. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu, zenye ukali kidogo. Embe na papai zilizoiva ziache, uchachu wake ni mdogo. Na mahali penye joto, keki iliwe siku hiyo hiyo au iwekwe kwenye jokofu, kwa sababu unyevu wa matunda huleta ukungu upesi.