Je, Wajua? Kamera ya Lango na Wageni wa Sebuleni Hugombea Njia Moja

Je, wajua kwamba kamera ya ulinzi ni kinyume cha televisheni? Televisheni huvuta picha kutoka mtandaoni, kamera husukuma picha kwenda mtandaoni. Ndiyo sababu nyumba za likizo kuanzia Mtwapa na Kilifi hadi Watamu na Malindi hupofuka wakati ule ule zinapojaa watu. Mwenye nyumba yuko Nairobi au Milano, anafungua simu alitazame lango lake, na kioo kinamwonyesha kiduara kinachozunguka tu. Anampigia fundi kwa ukali. Fundi anafika, anapanda ngazi, anaikuta kamera nzima. Kilichojaa ni njia.

Mabango ya intaneti hutangaza kasi ya kupakua. Kasi ya kupakia, ambayo ndiyo chakula cha kamera, mara nyingi haitajwi kabisa. Kwenye huduma za mitandao ya simu na za setilaiti, kupakia hupewa sehemu ndogo tu ya kile kinachopewa kupakua. Baadhi ya huduma za faiba hugawa sawa pande zote mbili, lakini faiba haijafika kila kijia cha mchanga kinachoelekea ufuoni. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kifurushi cha kasi kubwa, akatazama filamu bila kukwama, na bado kamera zake nne zikawa zinagombea upenyo mwembamba.

Fanya hesabu kidogo. Kamera moja yenye picha safi, ikituma mfululizo, hutumia takriban megabiti 2 kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, kisha ugawe kwa 8 ili upate baiti: gigabaiti 21.6 kwa siku, au 648 kwa mwezi wa siku 30. Kamera nne zitavuka gigabaiti 2,500. Hakuna mwenye akili timamu anayelipia bando la simu kwa matumizi ya namna hiyo, na watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kamera nyingi za waifai hukaa kimya hadi zione kitu kikisogea, ndipo zitume kipande kifupi.

Na Pwani kila kitu husogea. Kusi likianza kuvuma, minazi huyumba mchana na usiku, na kamera ya bei nafuu, ambayo hulinganisha tu picha ya sasa na ile iliyotangulia, huhesabu kila kuti linalopepea kuwa ni mtu. Usiku kuna buibui. Hutanda utando mbele ya lenzi, na uzi mmoja ukitikisika karibu na taa za infraredi za kamera hung'aa kama kitu kikubwa kinachopita. Kila tukio la uongo ni video, na kila video hupanda mtandaoni. Kuna nyumba ambazo mtumiaji mkubwa wa intaneti si mgeni yeyote: ni mnazi ulio kando ya lango. Kuukata si lazima. Ndani ya programu ya kamera huwa kuna sehemu ya kuchora eneo la kutazamwa. Uache mnazi nje ya mchoro.

Je, wajua saa ambayo simu za wageni hufanya kazi nzito zaidi? Mara nyingi ni usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Simu nyingi za kisasa husubiri ziwe kwenye waifai kabla ya kuhifadhi nakala za picha na video, na baadhi husubiri pia ziwe kwenye chaji. Wageni kumi waliokwenda kutazama pomboo na matumbawe ya Watamu mchana kutwa hurudi na video lukuki. Wanachomeka chaji na kuzima taa. Simu kumi zinaanza kusukuma mizigo yao kwenye njia ya kupakia, ile ile ambayo kamera ya lango inaihitaji saa nane za usiku. Katika mambo yote ya somo hili, hili ndilo ninaloliona kuwa baya zaidi, kwa sababu hakuna aliyekosea. Hakuna anayecheza, hakuna anayetazama mpira. Nyumba imetulia, mtandao umeelemewa.

Kinachofuata ndani ya ruta kina historia yake. Ruta ikipokea data nyingi kuliko inavyoweza kutoa, huzipanga kwenye kumbukumbu yake zisubiri zamu. Watengenezaji waliongeza kumbukumbu hiyo wakidhani kubwa ndiyo bora. Karibu na mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys wa Marekani aligundua nyumbani kwake kwamba akituma faili kubwa, kila kitu kingine huchelewa kupita kiasi, ingawa hakuna data inayopotea. Foleni ilikuwa ndefu mno. Wazee wa Kilifi waliosafiri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991 wanaijua hali hiyo: feri ni nzima, inavuka kama kawaida, lakini malori yaliyotangulia ni mengi kiasi kwamba mwenye baiskeli na samaki wake hafiki sokoni kwa wakati. Taarifa ya kamera kwamba kuna mtu langoni ni kitu kidogo sana, ila imekaa nyuma ya malori. Mwaka 2012 wahandisi Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuifupisha foleni hiyo, na baadhi ya ruta za leo zinayo. Nyingi za zile zinazogawiwa bure na watoa huduma bado zina foleni ya zamani.

Hayo ni ya njia ya kutoka nje. Hewani ndani ya nyumba kuna ugomvi mwingine.

Waifai ni redio, na kwenye chaneli moja kifaa kimoja tu ndicho kinachoweza kutuma kwa wakati mmoja. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikikuta kimya hutuma, kikikuta mwenzake anatuma husubiri. Ustaarabu huu haukuanza hivi hivi. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa redio, na vifaa vyao vilituma bila kusikiliza. Data ziligongana ovyo. Kwa hesabu, mfumo wa aina hiyo hauwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Kusikiliza kwanza kuliboresha mambo mno, lakini maana yake ni kwamba watu wakizidi, kusubiri nako kunazidi.

Kuna jambo moja hapa ambalo mafundi wachache humweleza mteja. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba kifaa kimoja chenye mawasiliano dhaifu kinaweza kuwavuta wote chini. Kwa kuwa kifaa hicho hutuma polepole, huishika hewa muda mrefu kila zamu yake inapofika, na walio na kasi husubiri. Sasa fikiria kamera ya lango, mita 40 kutoka kwenye ruta, iliyotenganishwa nayo na ukuta na mwembe. Inanung'unika kwa kasi ndogo usiku kucha, na intaneti ya sebuleni inaharibika. Wageni wanailaumu intaneti, mwenye nyumba anawalaumu wageni.

Kamera nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Eneo hilo lilitengwa mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, kwa ajili ya mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba, yaani mashine zinazotoa mawimbi bila nia ya kuongea na mtu. Leo limejaa: waifai, bluetooth, kufuli janja, vitambuzi vya milango, vifaa vya kumsikiliza mtoto, na oveni ya maikrowevu inayopasha wali saa mbili usiku. Chaneli zake zipo 13 kwa hesabu, lakini ni 3 tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Majirani wanne wakiwa karibu karibu, kama ilivyo katika vyumba vya kupangisha vya Mtwapa, hakuna namna: wawili watakanyagana.

Halafu kuna mawe. Pwani yetu imejengwa kwa matumbawe tangu enzi za Gedi, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na hadi leo mawe ya timbo hukatwa na kupandishwa kuta Kilifi nzima. Ukuta mnene wa jiwe la matumbawe hupoza nyumba vizuri, na hulimeza wimbi la waifai vizuri vilevile, hasa ukiwa umenyonya unyevu. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi na kelele chache, lakini hushindwa na ukuta upesi kuliko yale ya 2.4. Paa la makuti makavu halina ubaya. Mabati ndiyo adui.

Je, wajua kwamba kaskazini mwa Malindi, kule Ngomeni, kuna antena zinazosikiliza vyombo vilivyo mamia ya kilomita angani? Kituo cha anga cha Waitaliano, kinachoitwa kwa jina la Luigi Broglio, ndicho kilichorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco baharini tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapewa jina hilo. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani. Siku hizi kituo hicho hupokea data za darubini ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, kwa masafa ya zaidi kidogo ya gigahezi 2.2. Ni jirani kabisa wa masafa ya waifai yako. Swift husikika kutoka angani na kamera yako haisikiki kutoka langoni. Ngomeni wana antena kubwa, na zaidi ya hapo wana masafa yaliyohifadhiwa kisheria, ambayo hakuna jirani anayepashia wali.

Hata nyumba ikiwa tupu na waifai ikiwa safi, picha ya lango la Malindi inaweza kusafiri hadi Ulaya au Marekani kabla ya kurudi kwenye simu ya mtu aliyekaa Malindi penyewe, kwa sababu kamera nyingi hupeleka kila kitu kwenye kompyuta za kampuni zilizo ng'ambo. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na tangu hapo ulinzi wa nyumba zetu umekuwa ukining'inia kwenye nyaya hizo bila wengi kujua. Februari 2012 meli iliyokuwa nje ya bandari ya Mombasa iliukata waya wa TEAMS kwa nanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Nako ng'ambo hakuna dhamana: tarehe 7 Desemba 2021 hitilafu kwenye mitambo ya Amazon iliyoko Virginia iliwafanya Wamarekani wengi washindwe kutazama kamera za milango yao wenyewe.

Wakati mwingine kamera ndiyo mharibifu. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani takriban 60. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyosaidia majina ya tovuti kupatikana, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hawakujua lolote, ila pengine waliona mtandao wa nyumbani umekuwa mzito. Kama fundi wako aliacha nywila iliyokuja na boksi, ibadilishe leo.

La kufurahisha ni kwamba mtu wa kwanza kupata hataza ya ulinzi wa nyumba kwa televisheni hakuhitaji haya yote. Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, pamoja na mumewe Albert, waliomba hataza mwaka 1966 na kuipata Desemba 1969. Kamera yao ilichungulia mlangoni, picha ikaonekana chumbani, na kwa kitufe aliye ndani angeweza kufungua mlango au kuita msaada. Picha haikuhitaji kutoka nje ya nyumba ndipo aione.

Na huo ndio mtindo ninaoukubali mpaka leo. Picha ihifadhiwe nyumbani kwanza, kwenye kadi iliyo ndani ya kamera au kwenye rekoda iliyofungiwa kabatini, na mtandao utumike kutazama tu. Kamera ya lango ivutiwe waya. Hewa ya chumvi itakula viunganishi, basi vifunikwe na vikaguliwe. Wageni wapewe waifai yao pembeni, yenye kikomo cha kupakia. Ruta iwekewe betri, maana umeme ukikatika kamera yenye chaji yake haina pa kupeleka picha.

Na kabla ya msimu wa Desemba, usimwulize anayekuuzia intaneti kasi ni ngapi, maana atakutajia ya kupakua. Mwulize ya kupakia, akuandikie kwenye karatasi. Kisha, siku nyumba imejaa, toka nje hadi barabarani, zima waifai kwenye simu yako, na ujaribu kuliona lango lako kwa bando lako mwenyewe.