Cheti cha Gari: Dhamana au Karatasi Tu?

Ndugu msomaji, tuseme kijana wetu wa Mombasa amejiwekea fedha kidogo kidogo, na nia yake ni kununua motokaa ya kuwapeleka watoto chuoni na wazee hospitali. Mbele yake pana magari mawili yaliyokwisha tumika, ya namna moja na ya mwaka mmoja. La kwanza ni shilingi 1,200,000, la pili ni shilingi 1,320,000. Akiuliza sababu ya hizo 120,000, huambiwa: "Hili lina cheti." Je, azitoe?

Yampasa kwanza aulize: cheti hicho ni cha nani, nacho chasema nini? Magari mengi ya namna hii hutoka Japani. Huko mnadani gari huandikiwa waraka wa ukaguzi wenye daraja lake, na lile lililogongwa kiunzi chake likatengenezwa kwa kawaida hutiwa herufi R. Waraka huo wafaa kuombwa, kwani hudhihirisha yaliyofichwa na rangi mpya. Kisha Kenya hutaka gari likaguliwe kabla ya kupakiwa melini, wala lisizidi umri wa miaka 8. Lakini hati ya ukaguzi huo yashuhudia tu kwamba gari lilifaa kwenda barabarani siku ile; haiahidi kwamba injini au giaboksi itadumu. Tena kila gari la namna hiyo lililoingia kwa njia ya haki limepita ukaguzi huo. Basi kwa hati hiyo peke yake, asiongeze hata senti moja.

Cheti kistahilicho kulipiwa ni kile kimfungacho muuzaji: kinachotaja sehemu zilizodhaminiwa, muda wa dhamana, na nani atakayemlipa fundi likiharibika. Pasipo hayo, ni heri amchukue fundi wake mwaminifu. Huyo atatazama kama pedali zimelika na usukani umechakaa ilhali saa ya gari yaonyesha kilomita chache. Kama moshi ni wa buluu, yaani injini yala oili. Na kama rangi ya mlango hailingani na ya ubavu.

Wala tusisahau kwamba sharia yetu imetangulia vyeti vyote. Mtume, s.a.w., alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani yake, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Mnunuzi aonapo aibu ya zamani aliyofichwa ana hiari ya kurudisha. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yampasa arudishe upesi, asiendelee kulitumia. Tena kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, muuzaji wa kitu kama gari hatoki dhimmani kwa kusema tu, "Nauza kama lilivyo."

Jambo la mwisho: ikiwa hizo 120,000 zitapatikana kwa mkopo wa riba, basi cheti hicho ni ghali kupita kiasi. Ni afadhali angoje, au anunue gari dogo zaidi.

Nawe ndugu uuzaye, sema aibu ya gari lako kabla hujaulizwa. Cheti kilicho bora kuliko vyote ni ulimi wako wa kweli, na humo ndimo Mwenyezi Mungu hutia baraka.