Vijana wa Mwambao na Elimu ya Mikataba

Watu wa mwambao huu, kuanzia Kunduchi na Bagamoyo hata Saadani na Pangani, wameujua kwa machungu mkataba uliotiwa saini pasipo wao kuulizwa. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani hii pamoja na ushuru wa forodha zake. Wenyeji wengi waliyafahamu yaliyoandikwa pale tu bendera ya kampuni ilipopandishwa Pangani mwezi wa Agosti. Wakasimama na Abushiri bin Salim, na wa Saadani wakasimama na Bwana Heri. Disemba 1889 Abushiri alinyongwa pale pale Pangani, na pwani ikabaki mikononi mwa Wajerumani.

Huenda mtu akasema kuwa hayo ni ya kale. La, jambo lenyewe halijaisha. Katika Bagamoyo hii hii, kampuni moja ya Sweden ilipewa zaidi ya hekta 20,000 katika ardhi ya Razaba ili ilime miwa. Serikali ilipoufuta mradi huo, wenye kampuni waliushika mkataba wa uwekezaji wa mwaka 1999 baina ya Tanzania na Sweden, na mwaka 2017 wakapeleka shauri Washington, katika kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2023 baraza liliamua dhidi ya Tanzania. Kadhalika, bandari iliyokusudiwa kujengwa Mbegani ilitiwa saini na Wachina mwaka 2013, na mwaka 2019 Rais Magufuli akatangaza kuwa masharti yake hayakubaliki. Ardhi ni yetu, lakini hukumu yake yaweza kutolewa mbali, kwa lugha na sheria ambazo wengi wetu hatukufundishwa.

Twauliza basi: ni wangapi katika vijana wetu wawezao kuusoma mkataba wa namna hiyo, wakaona mahali penye hatari kabla wino haujakauka? Elimu hiyo hufundishwa katika shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa na ya maendeleo. Wako vijana wa mwambao waliokwisha kupata shahada ya kwanza ambao wanastahili kuiomba, ila hawajui pa kuanzia. Leo twapenda kuwausia wao pamoja na wazazi wao.

Kwanza ni kusudi. Vyuo humtaka mwombaji aeleze kwa maandishi sababu ya kutaka kusoma. Wengi huandika kwamba wanataka kuondoa umaskini wa Afrika. Ni maneno mema, lakini aweza kuyaandika hata mtu asiyepata kukanyaga forodhani. Kijana wa Bagamoyo na aandike analolijua: bei ya samaki inavyopangwa mnadani, mikoko inavyokatwa, au kijiji kinavyoambiwa kipishe mradi. Kisha aulize swali moja lililo wazi. Mathalan, minazi ya wanakijiji ilihesabiwa kwa kipimo gani, na ni nani aliyekiweka kipimo hicho? Wasomaji wa maombi wataona mara moja kuwa huyu anajua anachokwenda kukitafuta. Na maelezo hayo ayaandike mwenyewe. Kumlipa mwingine akuandikie ni uongo, na uongo huo hufichuka siku ya mahojiano.

Pili ni kazi. Msaada wa masomo wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza tangu 1983, humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda wa miaka miwili kwa uchache, na akimaliza masomo arejee kwao kwa miaka miwili. Wajerumani nao, kwa njia ya shirika lao la DAAD, huweka sharti la miaka miwili ya kazi katika misaada yao ya masomo ya maendeleo. Kwa hiyo aliyemaliza shahada ya kwanza asione haya kuanza katika halmashauri, shuleni, au katika ushirika wa wavuvi. Mazoea hayo ndiyo atakayoyaeleza kesho. Mtazameni Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1942. Alikuwa balozi wetu Cairo mwaka 1964, akiwa na miaka 22 tu. Lakini hakuona kuwa cheo chamtosha. Alijiendeleza Delhi alipokuwa balozi India, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na tangu 1989 hata 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Tatu ni karatasi. Jambo hili ni dogo, lakini limewakwamisha wengi. Binti huandikwa Mwanahamisi katika cheti cha kuzaliwa, Mwanahamis katika cheti cha kidato cha nne, na Hamisa katika pasi ya kusafiria. Kijana naye ni Mohamed hapa na Muhammad pale. Majina hayo yasahihishwe mapema, kwani kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza hukubaliwa kwa miaka miwili tu. Usiufanye mapema kupita kiasi. Na mwalimu atakayekuandikia barua ya kukupendekeza mwendee mwezi mzima kabla, ukimpelekea alama zako na maelezo yako, ili aandike kwa ujuzi, si kwa kukuhurumia.

Nne ni gharama. Enyi wazazi, msiuze shamba la minazi wala msiingie katika mkopo wa riba kabla ya kugonga milango ya misaada. Kuomba Chevening hakuna ada hata senti moja. Basi anayewadai fedha ili awapitishie ombi, mkimbieni. Tena kabla ya kukubali chuo chochote cha ng'ambo, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada yake itatambuliwa hapa. Wala si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya taaluma za maendeleo, na Kurasini kipo chuo cha diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa mapatano ya Tanzania na Msumbiji, ambacho leo chaitwa kwa jina la Dkt. Salim.

Wala tusiwaache mabinti nyuma. Baba asemaye kuwa shahada moja yamtosha mwanamke na akumbuke kuwa Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa Kizimkazi, alikwisha kuwa waziri alipopata shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii, kwa mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na chuo kimoja cha Marekani.

Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Umma uliopewa mafunzo hayo hauna udhuru wa kutia saini usichokisoma, wala wa kuacha ardhi yake isomewe na wengine. Vijana, ombeni nafasi hizo, mkasome, kisha rudini. Razaba na Mbegani zingali na haja ya watu wenye kusoma. Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya kheri. Amin.